Maharagi Yangu kwa Sucré ya Masika

Kwanza ilikuwa ko, patasi ya Baba ikigonga kizibo. Kisha psssss, ndefu, kama mutu anayepumua kwa meno baada ya kupanda mulima na bidon ya maji kichwani. Hiyo ndiyo sauti ya utoto wangu. Wengine wanakumbuka kengele ya misa, wengine mvua juu ya mabati. Miye ni chupa ya sucré, soda yetu, ikifunguliwa saa kumi ya mchana ndani ya nyumba yetu ya Bulengera, ikifunguliwa kwa ajili ya mutu mumoja tu. Na ule mutu hakuwa miye.

Juzi nilikuwa kwenye ndoa ya jirani, mutu akafungua chupa karibu na sikio langu. Psssss. Koo likanikauka palepale, na macho yakaanza kutafuta: ni nani amepewa? Mwanamuke muzima, na sucré yangu mwenyewe iko mukononi, baridi, sijainywa hata nusu! Nikacheka peke yangu mpaka mama mumoja wa pembeni akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa kabisa, mama, ni wivu wa zamani tu umenisalimia.

Kwetu majina yanasema yenyewe. Masika ni binti wa kwanza, Kavira, ndiye miye, ni wa pili. Donc tangu siku ya kuzaliwa nilijua foleni iko namna gani na miye nimesimama wapi. Nguo ilipita kwa Masika mbele ya kufika kwangu, na viatu vilevile, na kitabu cha kusoma kikanifikia tayari kimejazwa majibu. Lakini chakula, hapana. Kwa chakula tulikuwa sawa. Sisi wote, Mama, miye, Masika na wadogo wawili, tuliinama juu ya sahani moja kubwa, bugali upande huu na maharagi upande huu, na mwenye mukono mwepesi ndiye aliyeona ndakala, vile visamaki vikavu. Na miye nilikuwa na mukono mwepesi.

Halafu Masika akagonjwa. Majira ya mvua yale alianza kulala juu ya daftari. Bidon yake akaiacha nusu ya mulima, akaketi kwenye majani kama bibi. Siku moja Mama alimugeuza uso kwenye mwangaza wa mulango, akaona weupe wa macho umegeuka rangi ya karatasi ya kitabu cha zamani. Wakaenda kituo cha afya, wakamutoa damu, wakarudi kesho yake kuchukua jibu. Muganga, mama mumoja mwenye miwani ambaye sisi tulimwita Madame Infirmière, alisema ni hépatite, ugonjwa wa ini, ile ya B, na hapana ile inayopita njia na kwenda zake. Imekaa mwilini siku nyingi, alisema, na itaendelea kukaa. Akaeleza mambo ya chakula pia, lakini foleni ilikuwa ndefu, maneno mengi yalikuwa ya Kifaransa, na Mama, akiwa na masikio yaliyojaa machozi, alishika neno moja tu: kila mwezi mutoto aletwe kupimwa kwenye kilo.

Mengine yote Mama akajaziwa na Shangazi.

Shangazi, dada ya Baba, alikuwa anaishi Mavivi, ule upande wa Beni ambako ndege zinashukia, na sisi batoto tuliamini kwamba mutu anayeamka karibu na ndege anajua mambo yote. Alikuja na fungu la miwa kichwani, na sauti yake iliingia ndani mbele ya miguu.

“Munamupa nini huyu mutoto?”

“Maharagi,” Mama akasema. “Na majani, na karanga kidogo.”

“Yesu wangu! Munataka kumuzika?” Shangazi akatupa miwa chini. “Maharagi ku mutu wa ini? Mama Masika, ini iko na meno?”

Mama akafikiri. “Hapana.”

“Njo ile! Ini haina meno. Haiwezi tafuna bintu nguvu. Maharagi hapana, yai hapana, samaki hapana, mafuta usimuonyeshe hata kwa macho. Sukari njo inayeyuka yenyewe. Pale kwetu jirani alipona na sukari tu. Na sahani yake iwe mbali, na kikombe mbali, tusije kupata wote.”

Hata miye, niliyesimama nyuma ya mulango, nilitazama tumbo langu na kujua kwamba ni kweli, ndani mule hakuna meno.

Tangu siku ile Masika akawa malkia. Namna gani nyingine naweza kuisema? Alitolewa sahani ya wageni, ile nyeupe yenye maua ya bluu ambayo hata padri aliikuta mara moja tu. Alipewa kikombe chake, kijiko chake, na kigoda karibu na dirisha. Asubuhi chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Mchana wali mweupe bila mafuta. Muwa uliomenywa na kukatwa vipande, kama kwa mutu asiye na kazi. Na saa kumi Baba anatoka kwenye useremala wake na vumbi la mbao nyusini, anatoa chupa chini ya benchi, ko, psssss, anaimimina katika kile kikombe. Baba huyohuyo ambaye aliniambia Noeli iliyopita kwamba sucré ni ya batajiri.

Leo najua ile sahani iliwekwa mbali kwa woga. Leo. Lakini mutoto haoni woga wa wakubwa, anaona maua ya bluu. Miye niliona dada yangu anakula juu ya maua, na sisi wengine tunagonganisha vidole kwenye sinia lililopasuka. Niliona ananywa polepole, akitazama nje ya dirisha, na nikasema moyoni: angalia anavyojisikia. Usiku tulilala kitanda kimoja na bado alinukia machungwa ya chupa. Nilimugeuzia mugongo.

Nilikuwa mutoto wa ndoto nyingi. Nilipanga kuolewa na mutu mwenye dépôt ya sucré, awe hata kipofu. Lakini ndoa ilikuwa mbali, kwa hiyo nikatafuta njia fupi: nami nigonjwe. Ugonjwa ulikuwa macho ya njano, si hivyo? Mama alikuwa na chupa ya mafuta ya ngazi, yale ya mawese yanayoacha njano kila yanapogusa. Nikachovya kidole, nikafungua jicho la kushoto vizuri kwa mukono mwingine, nikapaka. Enyi mulio wa umri wangu, kama kuna mutu hajajaribu, naomba asijaribu. Kelele zangu zilimutoa hata fundi wa pikipiki wa ng'ambo ya barabara.

“Weee! Unataka kuwa kipofu?” Mama alikuwa ananiosha, anacheka, anakasirika, vyote pamoja.

“Nataka macho kama ya Masika.”

Mama akaacha kucheka. Akaniosha mpaka mwisho, na nikadhani amenikasirikia.

Sasa niwaambie kuhusu karanga, juu zitarudi. Mama aliuza karanga sokoni. Zilitoka upande wa Kamango, kwenye joto, zikapita kwa Shangazi Beni, zikapanda kwetu juu kwenye baridi ndani ya magunia. Jumamosi tulizimwaga kwenye lungo, ile sinia pana ya kupepetea, tukachagua. Kila mutu aliyekulia kwa muuza karanga anaijua kazi hii. Zilizonona zinaenda sokoni. Zilizovunjika zinasagwa. Zile zilizonyauka, nyeusi, zenye vumbi la kijani kama nyuma ya mutungi, hizo ndizo za nyumba. Zinaoshwa, zinakaangwa sana, zinatwangwa ndani ya sombe, yale majani ya mihogo, na uchungu tunauzoea. “Mwenye kuuza hakulaka kizuri,” Mama alisema, na sisi tulikubali kama tunavyokubali kwamba mawe ni magumu. Mushahara wa kuchagua ulikuwa ngumi moja ya zile zilizonona, kila mutu ngumi yake. Nilizitia mufukoni na kuzila moja moja mpaka Jumatatu.

Masika aliendelea kuchagua nasi, lakini ngumi yake ilikatwa, juu Shangazi alisema karanga ni mafuta. Alichagua mikono mitupu. Sikumuhurumia. Nani anahurumia malkia?

Mwezi wa kwanza wakaenda kwenye kilo: imeshuka. Mwezi wa pili: imeshuka tena. Miguu ya Masika ikawa kama mipini ya jembe, na uso ukabaki macho. Mama akaongeza sukari. Madame Infirmière akasema ikishuka mara ya tatu, mutoto ataenda Beni, hospitali kubwa, alazwe kule mpaka wajue, na Shangazi amuangalie. Mama alirudi nyumbani, akaketi juu ya gunia la karanga, kitu ambacho hatukuruhusiwa kufanya kamwe.

Niseme ukweli, juu nikidanganya hapa haitasaidia mutu. Wazo langu la kwanza lilikuwa sahani. Akienda Beni, sahani ya maua itabaki. Wazo la pili lilikuja usiku uleule, wakati miguu yangu ya baridi ilitafuta miguu yake chini ya blanketi, kama kila siku, nikakuta mifupa. Nikalala macho wazi. Sikutaka aende. Na bado nilitaka sahani. Mutu anaweza kuwa na vyote viwili, nimejua hivyo tangu siku zile.

Alasiri moja Mama alikuwa sokoni na wadogo walikuwa wanacheza nje. Baba alikuwa amefungua chupa na kurudi kazini. Masika aliketi dirishani na kikombe chake, miye mulangoni na bakuli ya maharagi ya mchana. Nilikula kwa kelele makusudi.

“Kavira. Hayo maharagi iko na nyanya?”

“Iko na nyanya, iko na kitunguu, iko na ndakala. Juu ya nini?”

“Bure. Nauliza tu.”

Akameza. Niliona koo lake likipanda na kushuka.

“Nipe kijiko kimoja.”

“Shangazi alikataza.”

“Shangazi iko Mavivi. Anatuona na nini, na ndege?”

Nikacheka, na nikajikasirikia kwa kucheka. “Nipe sucré basi.”

“Nusu.”

“Yote. Nusu kwa maharagi yenye ndakala? Uko unaota.”

“Yote, mais unanipa bakuli yote. Na vichwa vya ndakala hapana kuvitoa.”

Tukabadilishana. Nilikunywa sucré ile nikimutazama juu ya ukingo wa kikombe, na alikuwa anakula namna sikuwahi kumuona akila miezi yote ile. Alifuta bakuli kwa kidole, akalamba kidole, akafuta tena. Nikasema moyoni: mujinga! Ametoa dhahabu, amechukua udongo.

Tangu hapo ilikuwa biashara ya kila siku. Maharagi kwa sucré. Majani ya lengalenga na ndakala kwa vipande vya muwa. Siku Mama alipotupikia mayai mawili kwa nyumba nzima, nilificha kipande changu ndani ya shavu, nikamutemea Masika mukononi nyuma ya nyumba kwa vijiko viwili vya sukari. Naye alikuwa mukali kwenye bei, msidhani. Alinipigia hesabu hata ya harufu. Tuliketi magoti kwa magoti nyuma ya kuni, tukigombana kwa sauti ndogo, na nilijihesabu mushindi. Nilikuwa ninamuibia malkia, na malkia alikuwa anacheka.

Na Masika akaanza kunona. Kidogo, kidogo, kama mwezi unavyojaa. Akapanda na bidon mpaka juu. Mama akaimba jikoni. Akampigia Shangazi simu, na sauti ya Shangazi ikajaa nyumba: “Nilisema nini? Nilisema nini? Ini haina meno!”

Siku ya kilo ya tatu niliomba kwenda nao, juu tungepanda pikipiki. Pia jino lilikuwa linaniuma, lakini sikulisema. Nilifunga taya kwa kitambaa cha Mama na kusema ni baridi.

Madame Infirmière akamusimamisha Masika kwenye mashini, akatazama mushale wake, akainua miwani, akatazama tena. “Imepanda! Mama, umefanya kazi mzuri. Munamukulisha nini?”

Mama akajinyoosha kama mutoto mbele ya mukaguzi. “Sucré kila siku. Miwa. Chai ya sukari mingi. Wali mweupe. Maharagi hapana, yai hapana, samaki hapana, mafuta hata tone.”

Kalamu ikawekwa juu ya meza.

“Mama. Na chakula hiyo, kilo inapanda namna gani?”

“Anapona na sukari.”

“Hapana. Hapana hata kidogo.” Akamugeukia Masika. “Wee, mutoto, sema kweli. Unakulaka nini?”

Masika alitazama vidole vya miguu yake. Kisha Madame Infirmière akageuza miwani polepole, ikanifikia miye na kitambaa changu.

“Na huyu iko na nini ku taya?”

“Baridi,” nikasema.

“Fungua mudomo.”

Nikafungua. Alitazama ndani kwa muda mrefu, kama mutu anayesoma barua.

“Mama Masika,” akasema, “sucré yako yote iko hapa.”

Nikalia. Nikasema yote, kuni, ndakala, yai la shavuni, nikasema haraka ili adhabu ipite haraka. Mama alishika kichwa, lakini hakuwa anawaza wizi. “Wamekula sahani moja! Kijiko kimoja! Huyu naye ameshapata!”

“Kula pamoja haipitishe hii ugonjwa,” Madame Infirmière akasema. “Inapita ku damu, wembe, sindano, vile. Hapana sahani, hapana kukumbatia. Huyu tutamupima na kumuchoma chanjo, mais ile sahani ya pekee, rudisha ku kabati.” Akavuta kiti karibu na Mama, na safari hii alisema kwa Kiswahili, neno moja moja, bila kuangalia foleni. Ini iliyoumwa inataka chakula chenye nguvu, akasema, maharagi, yai, samaki, majani, mafuta kidogo, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Sukari nyingi ni mzigo tu. Pombe, kamwe, hata akikua, hata kwenye ndoa yake mwenyewe. Dawa za mizizi, mbele ya kumunywesha uje uniulize.

“Na karanga?” Mama akauliza. “Nauzaka karanga.”

“Mzuri sana. Mais mzuri tu. Zile nyeusi, zenye ukungu, zenye uchungu, hata moja. Ile njo sumu ya ini. Kuosha haitoe. Kukaanga haitoe.”

Mama alitazama mikono yake. Miye nilijua anaona nini: sufuria yetu ya kila juma.

Sasa mungefikiri kwamba hapo wivu wangu uliisha. Nilipimwa, sikuwa nayo, nilichomwa sindano, jino liling'olewa. Nilikuwa mutoto aliyemuponya dada yake kwa maharagi yake mwenyewe! Nilingojea mutu aseme. Nilingojea njiani kurudi, nilingojea wakati wa kula, nilingojea juma zima. Hakuna mutu aliyesema. Jina nililopewa na wadogo zangu lilikuwa Mwizi wa Sucré, wakaliimba kwenye mulima mpaka majirani wakalijua.

Na Masika, ambaye nilidhani atashuka kwenye kiti chake, alipanda juu zaidi. Mama, kwa aibu, alifanya kama mutu anayetaka kulipa miezi yote kwa siku moja. Yai, kila asubuhi, la Masika. Ndakala wa juu, wa Masika. Sahani ya maua haikurudi kabatini, juu mazoea ni mazoea. Na mukebe. Mukebe wa maziwa ya unga, ukaoshwa, ukajazwa karanga za sokoni, zilizonona, zinazong'aa, karanga ambazo sisi hatujawahi kutwanga nyumbani tangu kuzaliwa. Ukawekwa juu ya rafu. Mama akaniambia: “Wee njo uko na macho. Utachagua za dada yako.” Mbovu zote zilitupwa chooni, kwa hiyo hata sombe yetu ikabaki bila karanga, juu nzuri zilikuwa za soko na za Masika. Miye nilikuwa ninachagua, na wa kunipa sucré hakuna tena, na maharagi yangu hakuna aliyeyahitaji. Biashara yangu ilikufa. Hakuna tena aliyeketi nami nyuma ya kuni.

Jumamosi ile nilikuwa peke yangu na lungo. Mukebe ulikuwa kando, umejaa nusu. Lundo la mbovu lilikuwa kwenye goti langu. Sikufikiri maneno. Mukono ulijaa zile nyeusi, ukaenda, ukafunguka juu ya mukebe. Zikaanguka na sauti nyepesi, juu karanga mbovu haina uzito. Nikatikisa. Nikaongeza nzuri juu. Nikafunika. Kesho, Jumapili, Mama angetwanga kutoka mule kwa sombe ya Masika, alisema mwenyewe asubuhi.

Jioni, kitandani, Masika akaninong'oneza. Nilijifanya nimelala.

“Najua haujalala. Miguu yako inafikiri.” Akavuta blanketi. “Kavira, juu ya nini hauketi tena nyuma ya kuni?”

“Nitakuuzia nini? Uko na kila kitu.”

“Niko na sahani,” akasema. “Siku zote zile munakula kule chini, mukono juu ya mukono, munagombania ndakala, munacheka. Miye nakula na maua. Maua haicheke. Nilikuwa nawaonea jalousie, wivu kweli, mpaka nalia ndani ya kikombe. Unafikiri nilikuwa nanywa polepole juu ya utamu?”

Ukuta wa mbao ulikuwa mbele ya uso wangu na nilihesabu misumari ya Baba.

“Wakati wa kubadilisha,” akasema, “njo nilikuwa nakula na mutu.”

Kisha akaweka miguu yake kwenye yangu, yenye nyama sasa, yenye moto, akalala. Miye sikulala mara moja.

Asubuhi nilimwambia Mama tumbo linauma. Wakaenda misa ya kwanza, Masika katikati na kitambaa cheupe kichwani, na nikawasikia mpaka kona ya barabara. Leo, tukiwa wanawake wazima, Masika anaishi Beni, si mbali na Shangazi, ana binti ambaye alichanjwa siku aliyozaliwa, na bado anaenda kupimwa kila inapofika siku yake. Anacheka kwa nguvu kuliko miye. Lakini asubuhi ile sikujua lolote la mambo hayo. Nilijua mukebe tu.

Nikapanda kigoda chake cha dirishani, nikaushusha. Nikamwaga zote kwenye lungo, nikaisogeza mulangoni kwenye mwangaza, nikapiga magoti. Zile nyeusi zilitoka upesi. Zile zenye vumbi la kijani nazo. Lakini nyingine zilikuwa na nguo nzuri na ubaya wa ndani, kwa hiyo kila niliyoitilia shaka niliipasua kwa kucha, nikanusa, na iliyonuka ukungu nikaitupa pamoja na jirani zake. Nilirudia mara ya pili, halafu mara ya tatu, moja moja, mpaka magoti yakachorwa mistari ya sakafu. Mbovu nikazipeleka chooni, nikasubiri kuzisikia zikifika chini. Nikanawa mikono kwa sabuni.

Nilipozirudisha nzuri, mukebe ulikuwa umepungua vidole viwili. Mama angeona. Nikatia mukono mufukoni, ikatoka ngumi yangu ya mushahara, ile ya jana, ambayo sikuwa nimeigusa. Nikazimimina. Bado kidogo. Nikageuza mufuko nje, ikaanguka moja ya mwisho, nene, nyekundu, nzuri kuliko zote. Hiyo nikaitia mudomoni.

Kisha nikaitoa, nikaipangusa kwenye sketi, nikaiweka nayo, nikafunika.